Mtoto hakui, habalehe: Huenda tatizo liko kwenye damu

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KATIKA shule za sekondari mkoani Kilimanjaro, kama ilivyo kwingineko nchini, si ajabu kumkuta mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye umbo la mtoto wa darasa la nne. Wenzake humpa jina la utani, walimu humkalisha dawati la mbele, na nyumbani huelezwa kwamba amefuata upande wa babu yake. Mara nyingi maelezo hayo ni sahihi, kwani ufupi wa ukoo upo na hauna madhara yoyote. Lakini kwa baadhi ya watoto, umbo hilo dogo ni dalili ya ugonjwa wa damu ambao haujawahi kupimwa, au uliopimwa na kutibiwa kwa upande wa maumivu na homa tu, pasipo mtu yeyote kuuliza ni kwa nini mtoto hakui.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wananchi wengi huuita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na kwamba katika kila Watanzania 100, kati ya 13 na 20 hubeba kinasaba chake bila wao wenyewe kuugua.

Madhara yanayofahamika zaidi ni maumivu makali ya mifupa, macho kuwa ya manjano, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na kiharusi. Haya ndiyo yanayomfanya mzazi atafute usafiri usiku wa manane kutoka Kibosho au Kilema kumwahisha mtoto hospitalini. Ufupi na kuchelewa kubalehe havimkimbizi mtu hospitalini usiku. Hiyo ni sababu mojawapo ya jambo hili kuzungumzwa kwa nadra, hata pale ambapo mtoto anahudhuria kliniki kila mwezi.

Jina selimundu limetokana na umbo la mundu ambalo chembe nyekundu za damu hulichukua zinapokosa oksijeni. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, ndiye aliyechapisha kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, maelezo ya kitabibu ya chembe hizo, baada ya kuziona katika damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1957, mtafiti Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, alionesha kwamba kosa lote liko katika kiungo kimoja tu cha protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Mtoto huugua anapopokea kinasaba chenye kosa hilo kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumzaa mtoto mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba.

Gharama ya kosa hilo dogo huonekana katika umri wa chembe. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 kisha huvunjika. Maana yake ni kwamba uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hulazimika kufanya kazi mara kadhaa zaidi ya kawaida, usiku na mchana, kwa miaka yote ya utoto. Moyo nao husukuma damu kwa nguvu zaidi ili oksijeni iliyopo itoshe. Kazi hiyo yote hula chakula. Watafiti waliopima nishati inayotumiwa na watoto hawa wakiwa wamepumzika wamekuta kuwa ni kubwa kuliko ya wenzao wa umri uleule.

Kwa hiyo mtoto huyu anahitaji kula zaidi ya ndugu yake, ilhali ndiye anayekula kidogo. Siku za maumivu hagusi sahani. Siku za homa hali kadhalika. Bandama ikiwa imevimba hubana tumbo, naye hushiba kwa vijiko vichache. Mama anayeona ndugu wawili wanakaa mezani pamoja, wanapakuliwa mtori ule ule, na mmoja ananawiri huku mwingine akibaki mwembamba, ana haki ya kuchanganyikiwa. Jirani naye huwa na haraka ya kusema mtoto hatunzwi. Tuhuma hiyo huwaumiza akina mama wengi kuliko ugonjwa wenyewe, na mara nyingi haina ukweli.

Upungufu wa nishati ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni homoni, yaani kemikali zinazotolewa na tezi mbalimbali na kusafirishwa na damu kwenda kutoa maagizo sehemu nyingine za mwili. Tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya harage na iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inapofika kwenye ini, ini hutoa homoni ya pili ambayo ndiyo huziamuru gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa zijigawe na kurefusha mfupa. Kwa watoto wenye selimundu, kiwango cha homoni hii ya pili mara nyingi hukutwa kikiwa chini. Ini la mtoto asiyeshiba halijibu ipasavyo hata likiagizwa.

Pituitari hiyo hiyo ndiyo huanzisha balehe, kwa kuziamsha ovari za msichana na korodani za mvulana. Mwili wenye njaa ya nishati huahirisha mambo mawili kwanza, nayo ni kurefuka na kujiandaa kwa uzazi. Zaidi ya hapo, chembe zenye umbo la mundu huweza kuziba mishipa midogo ya damu inayolisha tezi, na korodani zimo miongoni mwa viungo vinavyodhurika kwa njia hiyo. Upungufu wa madini ya zinki, ambayo wagonjwa hawa huyapoteza kwa wingi katika mkojo, nao huchangia ufupi na kuchelewa kubalehe.

Jambo linalowapotosha wazazi na hata watumishi wa afya ni kwamba mtoto huyu huanza vizuri. Anapozaliwa ana himoglobini ya kichanga, ambayo haina kosa, na hiyo humlinda kwa takriban miezi sita ya mwanzo. Uzito wake wa kuzaliwa hukaribia kuwa wa kawaida, na mstari kwenye kadi ya kliniki hupanda kama wa wengine. Kisha himoglobini ya kichanga hupungua, dalili huanza, na mstari hulegea taratibu. Mama huambiwa aongeze lishe. Ushauri huo si mbaya, lakini hautoshi kama hakuna aliyepima damu.

Halafu kadi hiyo huisha. Ufuatiliaji wa uzito na urefu katika kliniki zetu umelenga watoto walio chini ya miaka mitano, na baada ya hapo mtoto wa Kitanzania huweza kufika kidato cha nne bila kupimwa urefu hata mara moja. Kwa mtoto mwenye afya hilo si janga. Kwa mwenye selimundu ni tatizo kubwa, kwa kuwa pengo la ukuaji hupanuka zaidi katika umri ambao hakuna anayepima.

Ushahidi wa hilo umetoka hapa hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili zimekuwa zikifuatilia wagonjwa wa selimundu jijini Dar es Salaam tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani na wenzake. Uchambuzi wa lishe ya wagonjwa hao uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa wamedumaa, kwamba pengo kubwa lilikuwa kwa vijana walio katika umri wa balehe, na kwamba wavulana waliathirika zaidi ya wasichana.

Hali hiyo si ya Afrika pekee. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 1984 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 2 hadi 25 ulibaini kwamba uzito huathirika zaidi ya urefu, na kwamba balehe huchelewa. Huko Jamaika, ambako watoto wachanga 100,000 walipimwa damu mjini Kingston kati ya mwaka 1973 na 1981 na waliokutwa na ugonjwa wakafuatiliwa kwa miaka mingi, wasichana wenye selimundu walivunja ungo wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka miwili au zaidi kuliko wenzao.

Hata hivyo, tafiti hizo hizo zina habari njema ambayo wazazi wachache wameisikia. Balehe inapochelewa, gegedu za mifupa nazo huchelewa kufunga, hivyo kijana huendelea kurefuka wakati wenzake wamekwisha simama. Wengi hufikia urefu wa mtu mzima unaokaribia wa kawaida, au ulio wa kawaida kabisa, wakiwa na miaka 18, 19 au hata zaidi. Kijana wa miaka 15 mwenye sauti ya kitoto anayeambiwa na wenzake kwamba hatakuwa mwanamume kamwe, kwa kawaida anadanganywa.

Hapa Kilimanjaro kuna sababu ya ziada inayofanya ugonjwa usifikiriwe, nayo ina mizizi katika jiografia. Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, na akaitumia safari hiyo kukusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Alikuta kwamba katika jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika 100 walibeba kinasaba cha selimundu, ilhali katika nyanda za juu na maeneo makavu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yaliyokuja kukubalika duniani kote: mbebaji wa kinasaba kimoja hulindwa dhidi ya malaria kali, hivyo kinasaba kilistawi pale ambapo malaria ilikuwa nyingi.

Mlima wetu nao una sura hiyo. Malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda, jambo lililothibitishwa tena na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu miinuko ya Rombo, Pare na Usambara. Wenyeji wa vihamba vya Machame, Kibosho na Marangu waliishi kwa vizazi vingi juu ya usawa wa mbu, na wazee walijua kwamba kushuka tambarare kulala kwenye shamba la mahindi ni kujitafutia homa. Ndipo ilipojengeka dhana, ambayo bado ipo, kwamba selimundu ni ugonjwa wa watu wa pwani na wa Kanda ya Ziwa, na kwamba mtoto wa mlimani hawezi kuwa nao.

Dhana hiyo imepitwa na wakati kwa muda mrefu sasa. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini yalianzishwa miaka ya 1930 na kuvuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Wachagga wenyewe wamesambaa Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na Bukoba kwa biashara na kazi, wameoa na kuolewa huko, na kila Desemba barabara ya kuelekea Moshi huonesha jinsi familia hizo zilivyochanganyika. Kinasaba hakiulizi ukoo. Kwamba malaria mkoani Kilimanjaro sasa iko chini ya asilimia 1 kwa watoto wadogo waliopimwa katika tafiti za kitaifa pia hakukiondoi kwa wale waliokwisha kukirithi. Mtoto mwenye bibi Rombo na babu Musoma anaweza kuwa na selimundu, na mganga wa zahanati anayeona jina la ukoo wa mlimani kwenye daftari asiache kuagiza kipimo kwa sababu hiyo.

Mtoto wa namna hii, kabla ya kupimwa, kwa kawaida huwa amekwisha kuambiwa kwamba "ana damu kidogo". Na tiba ya damu kidogo katika kila nyumba inajulikana. Mlimani kuna kisusio, supu ya damu ya mbuzi au ng'ombe. Mjini kuna juisi ya rozela na kiazi sukari chekundu. Dukani kuna vidonge na dawa za maji za kuongeza damu zenye madini ya chuma. Kuhusu vyakula, madaktari hawana ugomvi. Mtoto na ale. Ugomvi uko kwenye vidonge vya chuma. Mgonjwa wa selimundu hapungukiwi damu kwa kukosa chuma, bali kwa sababu chembe zake zinavunjika, na chuma kilichokuwamo hurudi mwilini. Wapo wanaopungukiwa chuma pia, hasa wasiolishwa vizuri au wenye minyoo, lakini hilo hujulikana kwa kipimo cha damu kiitwacho ferritini, si kwa kukisia.

Dawa ambayo wagonjwa hawa hupewa kila siku ni foliki asidi, vitamini inayohitajika kutengeneza chembe mpya. Mchanganyiko unaojulikana kama FEFO, ambao wajawazito hupewa kliniki, una foliki asidi na chuma kwa pamoja, na hapo ndipo makosa hutokea, kwani mama aliyebakiwa na vidonge vyake humgawia mtoto akidhani ni dawa ileile.

Chuma kina uhusiano gani na homoni? Uhusiano ni wa moja kwa moja. Mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Chupa moja ya damu ya kuongezewa ina miligramu 200 hadi 250. Mtoto akiongezewa damu mara 10 hadi 20, chuma huanza kurundikana katika ini, moyo na tezi. Kikiingia kwenye pituitari, balehe husimama. Kikiingia kwenye kongosho, insulini hupungua na kisukari huanza. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni nayo hudhoofika, na mtoto huwa mzito wa mwendo, mwenye kuhisi baridi na asiyekua.

Madhara haya hujulikana zaidi kwa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini ambao katika sura yake kali humlazimu mtoto kuongezewa damu kila baada ya wiki tatu au nne maisha yake yote. Nchini Oman, ambako wamo maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili, selimundu na thalasemia zote zipo kwa kiwango kikubwa, na kushindwa kubalehe ni miongoni mwa matatizo ya homoni yanayoonekana zaidi kwa vijana wa thalasemia waliorundikana chuma. Kwa selimundu uharibifu wa namna hiyo ni wa nadra kidogo, lakini unatokea kwa wanaoongezewa damu mara kwa mara. Zipo dawa za kuondoa chuma, nyingine za sindano ya polepole chini ya ngozi na nyingine za vidonge. Damu ya kuongezewa huokoa maisha, na hakuna mzazi anayepaswa kuikataa daktari anapoiagiza. Kinachotakiwa ni kuhesabu. Mzazi aandike tarehe ya kila chupa kwenye daftari la mtoto, kwa sababu mtoto aliyeongezewa damu Mawenzi, kisha KCMC, kisha hospitali ya misheni kijijini, anaweza asiwe na faili moja lenye hesabu kamili.

Kosa jingine linalogharimu ni haraka ya kuileta balehe. Msichana afikapo miaka 16 bila kuona siku zake, maneno huanza. Wapo wanaosema amefungwa, na dawa za kienyeji hutafutwa. Wapo pia wanaonunua homoni dukani bila cheti. Homoni za uzazi zikitolewa mapema au kwa kiwango kisichofaa hufunga gegedu za mifupa kabla ya wakati, na kijana hupoteza sentimita ambazo angezipata kwa kungoja. Kwa wavulana wenye selimundu, testosteroni inahitaji uangalizi wa karibu pia kwa sababu ya hatari ya uume kusimama kwa maumivu na kwa muda mrefu, tatizo ambalo wagonjwa hawa wanalo hata bila dawa, na ambalo vijana wengi hulificha kwa aibu mpaka madhara ya kudumu yatokee. Kijana akipata hali hiyo kwa saa mbili au zaidi apelekwe hospitali mara moja.

Balehe yenyewe ichunguzwe lini? Madaktari hutumia mipaka inayofahamika: msichana asiyeanza kuota matiti afikapo miaka 13, au asiyevunja ungo afikapo 15 au 16, na mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua afikapo miaka 14. Kwa mgonjwa wa selimundu kuvuka mipaka hiyo ni jambo la kawaida na mara nyingi jibu ni kungoja. Lakini aangaliwe kwanza. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto huonesha umri wa mifupa. Mifupa ya kijana wa miaka 15 ikiwa na sura ya miaka 12, ana muda wa kukua. Vipimo vya damu vya thairoidi, sukari, ferritini na homoni za balehe hutenganisha anayechelewa na ambaye tezi zake zimeharibika. Huyu wa pili hahitaji kungoja, anahitaji tiba.

Wataalamu wa homoni za watoto walikuwa wachache mno Afrika Mashariki. Mwaka 2008 kulifunguliwa Nairobi kituo cha kuwafundisha madaktari wa fani hiyo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa msaada wa chama cha madaktari wa homoni za watoto cha Ulaya, na Watanzania wamo miongoni mwa waliosoma huko. Kwa mikoa ya kaskazini, rufaa za watoto huelekezwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya mlima.

Kuhusu tiba ya ugonjwa wenyewe, mabadiliko makubwa yameletwa na haidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku inayoufanya mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba ni salama kwa watoto wa Afrika, kwamba hupunguza maumivu, uhitaji wa damu na vifo, na kwamba hata malaria ilipungua kwa waliotumia. Hofu kwamba dawa hiyo huzuia ukuaji haikuthibitika katika tafiti za watoto zilizofanyika Marekani. Kwa wavulana waliobalehe, hupunguza idadi ya mbegu za uzazi wakati wa matumizi, na kijana mkubwa anastahili kuelezwa hilo waziwazi. Bei bado ni mzigo kwa familia zisizo na bima.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, tiba inayoweza kumponya mtoto kabisa akipata ndugu anayelingana naye. Nayo ina bei yake kwa upande wa homoni. Dawa kali zinazotolewa kabla ya upandikizaji huweza kuharibu ovari au korodani, hivyo suala la uzazi wa baadaye lizungumzwe na wazazi kabla, si baada.

Kwa walio wengi ambao hawatafika Dodoma, kazi inabaki jikoni na ukutani. Ndizi ni chakula kizuri cha nguvu lakini zina protini na zinki kidogo. Kiburu chenye maharage mengi ni bora kuliko ndizi tupu, na nyama, maziwa, dagaa, karanga na mbegu za maboga huongeza kinachopungua. Mlo mdogo mara tano kwa siku humfaa mtoto huyu kuliko sahani kubwa mara mbili. Utafiti wa mwaka 2002 wa Marekani uliowapa zinki watoto wa miaka 4 hadi 10 kwa mwaka mmoja uliwaongezea zaidi ya nusu sentimita juu ya wale ambao hawakupewa. Si muujiza, ila kwa mtoto anayehesabu sentimita si haba.

Ukutani, penseli na futi ya fundi cherehani zinatosha. Mtoto avue viatu, asimame visigino vikigusa ukuta, kitabu kiwekwe kichwani kikiwa kimenyooka, alama ichorwe na tarehe iandikwe pembeni, kila baada ya miezi sita. Katika shule za bweni, ambazo mkoa huu unazo nyingi, matroni anaweza kufanya hivyo kila muhula unapofunguliwa. Mtoto wa umri wa shule ya msingi huongezeka sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Akiongezeka chini ya nne, apelekwe kituo cha afya pamoja na vipimo vyake vyote vilivyoandikwa, na kama hajawahi kupimwa selimundu, kipimo hicho kifanyike siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza cha kuona kama chembe zinapinda hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Majibu yakiwa ya ndiyo, mzazi aombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, na wadogo zake mtoto huyo wapimwe pia, hata kama wanakua vizuri.